Afya ya diski: inachosema SMART na inachokinyamazia

Diski ya kompyuta hujiwekea kumbukumbu zake yenyewe: imekaa imewashwa kwa saa ngapi tangu itoke kiwandani, joto lake limefika wapi, ni mara ngapi imejaribu kusoma sehemu fulani ikashindwa. Utaratibu huu wa diski kujichunguza na kutoa taarifa huitwa SMART. Fundi wa seva akikwambia ameangalia afya ya diski, mara nyingi ana maana kwamba amesoma kumbukumbu hizo.

IBM ndio waliotangulia, mwaka 1992, kwenye diski za mashine zao za AS/400. Compaq wakaja na mfumo wao mwaka 1995, na baadaye kikapatikana kiwango kimoja kinachofuatwa na karibu watengenezaji wote. Wanakifuata, ila kila mmoja kwa namna yake. Diski nzima kabisa ya Seagate inaweza kuonyesha mamilioni kwenye kipimo namba 1 (makosa ya kusoma), na asiyejua akakimbilia dukani kununua nyingine bure.

Kwenye Linux vipimo husomwa kwa amri ya smartctl -a /dev/sda. Kwenye Windows wengi hutumia CrystalDiskInfo. Smartctl hutoa pia hukumu ya jumla, PASSED, na wengi huishia hapo. Hukumu hiyo haina uzito mkubwa. Inalinganisha vipimo na vizingiti alivyoviweka mtengenezaji mwenyewe, tena huwa ameviweka mbali mno. Diski inaweza kuwa taabani na bado ikaandikiwa kwamba imefaulu.

Cha kutazama ni namba ghafi chache, yaani hesabu zenyewe za diski, hasa vipimo namba 5, 197, na 187 na 198 (hivi viwili huhesabu makosa yasiyorekebishika). Diski imegawanywa katika sekta, kila moja ikibeba baiti 512 au 4,096. Sekta ikigoma kusomeka, diski huiweka kwenye foleni ya zinazoshukiwa; idadi yake ndiyo namba 197. Siku sehemu hiyo ikiandikwa upya, ama inaonekana ni nzima na kufutwa kwenye foleni, ama inaachwa kabisa na nafasi yake kuchukuliwa na sekta ya akiba. Hapo namba 5 inapanda. Diski yenye sekta nane zilizohamishwa, na zimebaki nane mwaka mzima, hainipi wasiwasi kama ile iliyokuwa na mbili Jumatatu na ishirini Ijumaa. Kwa hiyo usomaji wa siku moja hausemi mengi. Zinahitajika rekodi za muda. Namba 199 (makosa ya kupitisha data kati ya diski na kompyuta) ikipanda, badilisha kebo kwanza kabla ya kuilaumu diski.

Dalili hizi zina uzito wa kweli. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa hilo. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote, ukiacha kipimo cha joto. Diski iliyonyamaza, basi, usiidhanie nzima, na chelezo (nakala ya akiba ya data) haina mbadala.

SSD, yaani diski za chip zisizozunguka, zikiwa za aina ya NVMe (muunganisho wa kasi) zina vipimo vingine: asilimia ya uhai uliokwishatumika (ambayo inaweza kupita 100 na diski ikaendelea kufanya kazi), akiba iliyobaki, na mara ngapi umeme ulikatika ghafla. Hicho cha mwisho, kwa ofisi zisizo na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), hupanda haraka. Hata hivyo kuna maradhi yasiyoonekana kwenye kipimo chochote. Mwaka 2019 HPE, watengenezaji wa seva, walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, kwa sababu ya kasoro katika programu inayoziendesha. Seva iliyofungwa diski kama hizo kwa siku moja ingeweza kuzipoteza karibu kwa pamoja.

Diski kadhaa zikiunganishwa kwa RAID, zikafanya kazi kama moja, hatari inahamia kwenye ukimya. Kwenye RAID 5 moja ikifa, kazi inaendelea na watumiaji hawaoni tofauti kubwa. Ya pili ikifuata kabla hujabadilisha ya kwanza, data imekwenda. Tena SMART haijui kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Kazi hiyo hufanywa na mfumo wa faili kama ZFS, unaotunza alama ya uhakiki ya kila kipande cha data. Amri ya zpool scrub hupitia data yote, pamoja na mafaili ambayo hakuna aliyeyafungua kwa miaka.

Anayekesha ni smartd, programu inayokwenda pamoja na smartctl na inayosoma vipimo kila baada ya nusu saa usipoipangia vingine, na kutuma barua pepe namba zikibadilika vibaya. Ongeza -M test kwenye mpangilio wake na itatuma barua ya majaribio mara inapowashwa. Hakikisha imefika, na kwamba imefika kwa mtu ambaye bado yuko kazini.