Ekspresheni: kwa nini fidla za kompyuta husikika kama kinanda

Ekspresheni ni amri inayoiambia kompyuta ipandishe au ishushe sauti wakati noti bado inalia. Katika MIDI, mfumo wa vinanda na kompyuta kupashana amri za muziki uliotoka mwaka 1983, amri hiyo ni kontrola namba 11, na thamani zake ni 0 hadi 127.

Mtazame mpiga fidla. Mpiga piano akishabonyeza kitufe, sauti inafifia yenyewe. Wa fidla ndiyo kwanza ameanza: upinde unapopita juu ya uzi anaukandamiza, anaulegeza, anauharakisha. Noti moja ya sekunde nne huanza nyembamba, ikanenepa, ikakonda tena. Aliyewahi kukaa karibu na wapiga fidla wa taarabu Unguja anaijua hali hiyo.

Sampuli ni fidla halisi zilizorekodiwa noti moja moja, kwa hiyo sauti yenyewe haina kasoro. Tatizo ni kinanda unachozipigia. Vingi hupima velositi, yaani kasi ya kidole, mara moja tu mwanzoni; baada ya hapo noti inakaa bapa kama ubao.

Jaribu hivi. Piga noti ya mipigo minne, kisha ichoree mstari wa ekspresheni: anzia 45, panda taratibu hadi 95 kwenye mpigo wa tatu, teremka hadi 60. Sikiliza tena. Gurudumu la modulesheni, lile dogo la kando ya kinanda, kontrola namba 1, huenda mbali zaidi: katika seti nyingi za sampuli hukuhamisha kutoka rekodi zilizopigwa kwa upole kwenda zilizopigwa kwa nguvu, hivyo hata rangi ya sauti hubadilika. Mimi huanza na hilo, kisha namba 11 nasawazishia tu.

Kinachoniuma zaidi ni kusikia akodi nzima imebandikwa kwa mkono mmoja, noti nne zikianza na kuisha pamoja. Katika okestra, fidla za kwanza, fidla za pili, viola na chelo kila kundi lina njia yake. Lipe kila kundi traki yake na mstari wake. Ukiunakili wa fidla ukaubandika kwenye chelo, umerudi kwenye kinanda. Sampuli zinazoanza polepole zianzishe mapema kidogo, la sivyo zitachelewa ngoma.

Mwangwi uje mwisho kabisa. Ukiumwaga mapema utafunika noti bapa, nazo zitajitokeza mwimbaji anaponyamaza.