Miaka minane kati ya riwaya ya kwanza na ya pili ya Muhammed Said Abdulla

Kila Aprili inapokaribia, waandishi chipukizi hunitafuta kwa wingi. Mimi ni mhariri wa riwaya hapa Dar es Salaam, na mwezi huo ndio wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ilianza kutolewa mwaka 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi hutangazwa tarehe 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Wanauliza kama mswada una nafasi, kama sura ya kwanza ni ndefu mno. Mwishoni linakuja swali lenyewe: nikishinda kwa kitabu cha kwanza, nitaweza kuishi kwa uandishi?

Hapo huwa nawasimulia habari za Muhammed Said Abdulla.

Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo aliajiriwa idara ya afya kama mkaguzi wa usafi, yule tunayemwita bwana afya. Mwaka 1948 akahamia magazetini: kwanza mhariri wa Zanzibari, baadaye mhariri msaidizi wa Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Mwaka 1958 akakabidhiwa Mkulima, jarida la kilimo, akalihariri hadi alipostaafu mwaka 1968. Katikati ya kazi hizo za mshahara akaandika hadithi, akaipeleka kwenye shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ikashika nafasi ya kwanza. Ilitoka kama kitabu mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Alikuwa amekaribia miaka arobaini aliposhindana. Nawaambia hilo hasa wale wa miaka ishirini na mitano wanaojiona wamechelewa.

Kitabu chenyewe kinastahili kusomwa taratibu. Maiti ya Bwana Ali bin Said inakutwa kwenye mzimu, mahali watu wanapopeleka maombi na matambiko yao. Kwa mwandishi wa hadithi za upelelezi huo ni uteuzi wa mahali wa hali ya juu, kwa sababu maelezo ya kifo yameshakuwepo kabla mpelelezi hajafika: wenyewe wa mzimu wamekasirika. Muuaji hahitaji hata kutunga uongo, maana kijiji kizima kitamtungia. Kazi ya Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, na kiko chake mdomoni, ni kuyaondoa maelezo hayo moja moja hadi vibaki vitu vinavyoshikika. Pembeni yuko Najum, rafiki anayeuliza yale ambayo sisi wasomaji tungeuliza, na yuko Inspekta Seif wa polisi, ambaye ana mamlaka yote lakini hana subira ya kutosha.

Wahakiki wamekwisha kusema kwamba Bwana Msa ana nasaba na Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, na ni kweli. Lakini nasaba hiyo haielezi kwa nini mazungumzo yake yana uhai kiasi kile. Watu wa Abdulla wanabishana, wanataniana, wanazunguka jambo kabla ya kulitamka, kama watu wa barazani. Tukumbuke Kiswahili cha hadithi kilikuwa kimetoka wapi. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, tunasafiri katika nchi ya kufikirika na wahusika wanabeba majina ya sifa zao. Ni kazi kubwa, naipenda mno. Abdulla alifanya kitu kingine: aliweka mbele yetu watu wenye jamaa, mali na siri, akatuachia tuwapime kwa maneno yao wenyewe.

Mimi namwona bwana afya ndani ya mpelelezi yule, na mwandishi wa habari pia. Wote watatu huingia nyumba za watu, hutazama kona ambazo wenyeji wameshazizoea, na huuliza swali moja kwa watu wawili tofauti. Hata jina la Msa limetokana na herufi za kwanza za majina ya mwandishi, M.S.A. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kazi yake ya mchana inamwibia uandishi, namuuliza kwanza inamfundisha kuona nini.

Ila muda ni kitu kingine, na hapa tarehe zinasema wazi. Baada ya Mzimu wa mwaka 1960, riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka 1968. Miaka minane, na mwaka wenyewe ni ule aliostaafu! Kisha zikafuatana: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Riwaya nne katika miaka minne, kutoka kwa mzee aliyevuka hamsini na tano. Naamini kipaji kilichoshinda shindano ndicho kilichoandika vitabu hivyo vyote. Kilichoongezeka ni asubuhi zisizo na ofisi.

Washindi wetu wa leo ni walimu, makarani, wauguzi. Wanafika nyumbani Mbagala au Kimara saa tatu usiku, wamechoka kwa foleni, ndipo wafungue daftari. Tuzo huwapa jina, fedha za mara moja na kitabu kilichochapwa, na hayo hayapaswi kudharauliwa. Haiwapi ratiba. Ndiyo maana nikiletewa mswada wa kwanza ulio mzuri, swali langu la mapema ni lini wa pili utaandikwa, siku gani za wiki, saa ngapi, na nani nyumbani amekubali.

Nikiulizwa Abdulla aanzwe na kipi, nasema Mzimu wa Watu wa Kale kwa ajili ya mpangilio wa ushahidi, kisha Duniani Kuna Watu. Kosa la Bwana Msa, ya mwaka 1984, iachwe mwisho, ukiwa umeshamzoea mpelelezi huyo vya kutosha kushtushwa na jina la kitabu tu.