"Sola haina ushuru"? Fungua kontena kwanza

Juzi nimeambiwa tena, na kijana wa mazingira hapa Mombasa: "Nyinyi watu wa forodha mkilegeza ushuru wa sola, mnatujazia takataka." Nimechoka na wimbo huu.

Paneli za sola zinatozwa ushuru sifuri Afrika Mashariki. Mwaka 2020 Kenya ilirudisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye vifaa vya sola, 2021 ikaiondoa. Simu nilizopigiwa na wateja kodi iliporudi zilikuwa za aina moja: "Kaka, mzigo ule tuuache kwanza." Aliyekuwa akiusubiri kule kijijini aliendelea kuvuta moshi wa koroboi. Basi kodi hiyo ilimlinda nani hapo?

Ila hata wanaounga mkono wananiudhi. Wanasema "sola haina ushuru" kana kwamba sola ni kitu kimoja. Fungua kontena uone! Kila kitu kina namba yake ya forodha. Paneli ni 8541.43. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ni 8504.40. Nyaya ni 8544. Betri ndipo penye kesi: ya madini ya risasi ya kuwashia gari ni 8507.10, ya risasi ya kuhifadhi umeme ni 8507.20, ya lithiamu ni 8507.60. Siku moja mteja kanijia na karatasi safi kabisa, "betri za sola". Tukapasua boksi: betri za gari, stika ya jua imebandikwa juu, gundi haijakauka vizuri. Kutofautisha hizo ndiyo kazi yangu yenyewe. Msamaha ukikosa mtu wa kuangalia chini ya stika, unamnufaisha mjanja tu, na hewa haibadiliki.

Tena kuondoa ushuru hakuondoi ukaguzi. Cheti cha ubora kinatakiwa vilevile, hata wateja wangu wakinuna.

Sasa pale ninapokwama mwenyewe. Betri ya risasi hufa. Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya risasi mtaani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kuzisafirisha nje betri zilizokufa kunabanwa na Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari, na ni haki. Kwa hiyo kuingiza ni rahisi, kutoa ni shughuli, na jedwali la ushuru halisemi lolote kuhusu hilo.

Wiki iliyopita mteja wangu wa zamani kapiga simu: ana betri arobaini zimekufa, zimepangwa nyuma ya duka, moja inavuja. Azipeleke wapi? Nilimwambia asimuuzie mtu wa mkokoteni. Zaidi ya hapo sikuwa na jibu.