Kupokelewa Ugenini Nako ni Kazi

Mipango mingi ya kazi za kujitolea nje ya nchi ina kasoro moja: siku ya kuwasili hufuatwa papo hapo na shughuli. Vikao, mafunzo na ripoti vimepangiwa tarehe. Hakuna palipoandikwa kwamba mtu huyu atahitaji kujifunza kusalimu, kuijua njia ya kwenda kazini na kujulikana na majirani. Matokeo yake mjitoleaji huona wiki zake za mwanzo zimepotea bure, akaanza kukimbizana na malengo kabla watu hawajamfahamu. Mimi ninayewaandaa wajitoleaji ningependa muda wa kuzoea uingizwe kwenye mpango kama kazi nyingine yoyote, wenye siku zake na msimamizi wake. Shirika la Peace Corps la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1961, hufanya hivyo: kati ya miezi 27 ya utumishi wa kawaida, takriban 3 ya mwanzo ni ya kujifunza lugha, mila na kazi, mara nyingi mtu akiishi na familia ya wenyeji.

Kwa nini muda huo unahitajika? Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala yake ya mwaka 1960, alieleza kwamba wasiwasi wa ugenini hutokana na kupotewa na alama ndogondogo za maisha ya kila siku: lini unyooshe mkono, mwaliko upi ukubali na upi ukatae, maneno yapi ni ya dhati na yapi ni ya adabu tu. Kwenu unazifuata bila kuwaza. Ugenini kila moja inataka uamuzi, na maamuzi hayo yakirundikana kutwa nzima huchosha kuliko kazi yenyewe. Ndiyo maana mtu hufika jioni yu hoi, akajilaumu kwamba hajafanya lolote.

Uchovu huo hauji kwa kila mtu wakati uleule. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha utafiti kuhusu raia wa Norway waliokwenda kusoma na kufanya utafiti Marekani. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 ndio walioonekana kuzoea kidogo kuliko waliokaa muda mfupi au mrefu zaidi. Baadaye mtafiti Colleen Ward na wenzake walifuatilia kundi jingine, kila mtu tangu kuwasili kwake, wakakuta kwamba tabu ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni kabisa. Kwangu mimi maana yake ni kwamba msimamizi asisubiri nusu mwaka ndipo aulize hali, wala asidhani kuwa aliyeanza vizuri hatayumba baadaye. Nawe mjitoleaji usiukatie tamaa mwaka mzima kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: kubali kusaidiwa. Mjitoleaji huja amejiandaa kutoa, akaona haya kupokea. Lakini mwenyeji asiye na cha kukupa hubaki mpokeaji tu, na mpokeaji hawi jirani yako. Mwache mwenzako wa kazini akusahihishe matamshi, na jirani akupeleke kwenye ofisi usiyoijua. Kila msaada unakuachia deni dogo utakalolilipa kesho, na katika kulipana huko watu huzoeana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye kulitoa jembe ni mwenyeji, na ndiye anayejua shamba lipi linalimwa kwanza.

Kumbuka pia kwamba huenda si wewe wa kwanza kufika hapo. Waulize wenyeji wajitoleaji waliokutangulia waliacha nini, kipi kiliendelea na kipi kilikufa walipoondoka. Wapo watu waliokwisha kuchoka kuanza upya na kila mgeni. Wakikutazama kwa tahadhari, wana haki hiyo. Kusikiliza historia hiyo bila kuitetea taasisi yako kunajenga imani haraka kuliko mradi mpya.

Ukaribu huo hata hivyo una mipaka. Wewe una pasipoti, bima na tiketi ya kurudi, na aghalabu wao wanajua hivyo. Suala la kukopesha fedha liamue mapema pamoja na msimamizi, usingoje kubanwa. Kuhusu mapenzi, kanuni za Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa za mwaka 2003 zinakataza ngono na mtu aliye chini ya miaka 18 na ngono ya kubadilishana na fedha, ajira au msaada. Uhusiano wa kimapenzi na wanaohudumiwa nao hupingwa vikali, kwa kuwa nguvu za pande mbili hazilingani.

Hakikisha viza yako inaruhusu kujitolea, maana katika nchi nyingi ya utalii hairuhusu hata kazi isiyo na malipo. Ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unakupa haki ya kuomba ubalozi mdogo wa nchi yako ujulishwe. Na barabarani kuwa mwangalifu, kwa sababu ajali huua wasafiri wengi kuliko magonjwa ya kuambukiza wanayoyahofia.

Usiuchanganye uchovu wa ugenini na ugonjwa. Huzuni ikidumu kwa takriban wiki 2 au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikavurugika, ukawa huna nguvu hata ya mambo uliyoyapenda, mwone mhudumu wa afya. Mweleze na dawa unazotumia. Meflokwini, inayotumiwa kukinga malaria, inaweza kuleta wasiwasi, ndoto mbaya na sonona. Mawazo ya kujiua yakikujia, usihesabu siku, tafuta msaada saa hiyohiyo.

Wapo ambao baada ya yote haya huona ni bora kurudi, na taasisi inayowatuma isiwaaibishe. Ukifikia uamuzi huo, sema mapema. Kabidhi kazi kwa maandishi, lipa madeni madogo ya mtaani, kisha uwaage waliokupokea kwa kinywa chako, wasije wakasikia habari hiyo kutoka ofisini.