Hapana Mzee Wangu, Hii Si Google Maps

Wiki iliyopita, Zanzibar kwenda Dar, ndege imejaa, mzee mmoja wa kanzu na kofia akapangiwa kiti cha mbele kulia. Kwenye Caravan, ndege yetu ndogo ya injini moja, tukiruka rubani mmoja, kiti hicho hukaliwa na abiria, na abiria wa kiti hicho huona kila kitu. Hatujaipita hata Chumbe, akaniinamia akapaza sauti juu ya mlio wa injini: "Mwanangu, hiyo Google Maps yenu, huku juu inashika mtandao gani?"

Nikamwambia, mzee wangu, hii si Google Maps. Akaitikia kwa kichwa, ile ya mtu aliyezoea maneno ya wauza samaki. Tulipotua, propela bado inazunguka, simu iko sikioni: "Nimefika salama. Kijana ana Google Maps nzuri sana."

Basi. Nimejibu swali hili kwa tabasamu miaka mingi, leo naandika.

Kile kishikwambi kilichobanwa karibu na kioo changu ni begi. Ndiyo maana jina lake la kazi ni mkoba wa kielektroniki wa rubani, EFB kwa kifupi. Ndani yake mna vile vile vilivyokuwa kwenye begi jeusi la ngozi: chati za viwanja, kitabu cha ndege, orodha za ukaguzi, hali ya hewa niliyoipakua asubuhi kabla ya kutoka, na hesabu za uzito na kasi za kuruka. Hakijaunganishwa na usukani, wala injini haikijui. Nikikitupa dirishani sasa hivi, ndege itaendelea kuruka, na dira yangu na GPS iliyofungwa kwenye dashibodi vitaendelea na kazi.

Na mtandao? Mzee, GPS haihitaji bando. Ni kama redio ya mbao: inasikiliza tu, satelaiti ndiyo inayosema. Ramani nimeshaipakua nikiwa chini. Kijana unayesomea urubani na umeniandikia ukiuliza ununue kipi, soma hapa kwanza: iPad ya Wi-Fi peke yake haina kipokezi cha GPS ndani. Yenye uwezo wa laini ya simu ndiyo inacho, hata usipoweka laini. Nimeona wanafunzi wawili wakilia pesa zao kwa jambo hilo.

"Mbona sisi mnatuzimisha simu?" Haya. Kishikwambi changu kiko kwenye hali ya ndege (airplane mode), na kampuni ilibidi ionyeshe kwamba hakiingiliani na vifaa vya ndege hii hii kabla ya kupata idhini; ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka hivyo katika Kiambatisho cha 6 cha kanuni zake. Simu yako inatafuta mnara wa simu, na kila ikiukosa inaongeza nguvu. Nitasema ukweli ambao kwenye tangazo la usalama hausemwi: siamini kwamba simu yako moja itaiangusha Caravan. Ila ule mkwaruzo wa tk-tk-tk unaoingia masikioni mwangu wakati mnara wa kuongozea ndege unanipa kibali umeshanifanya niombe kurudiwa maelezo zaidi ya mara moja, na kibali si kitu cha kusikia nusu.

Faida sitazieleza sana, zinajulikana. Waliowahi kubadilisha kurasa za chati za kampuni ya Jeppesen kwa mkono, toa hii weka ile, wanajua kwa nini hakuna anayelikumbuka begi kwa mapenzi. Data za AIRAC, ile ratiba ya kimataifa ya kusahihisha habari za anga, hubadilika kila siku 28, na sasa unabonyeza mara moja. American Airlines walipomaliza kuhamia kwenye iPad mwaka 2013, begi walilomwondolea kila rubani lilikuwa na kama kilo 16 za karatasi. Sawa. Tuendelee.

Kuna kundi la pili linaloniudhi kuliko mzee wangu, nalo ni la wenzetu. Hawa wanasema: "Hatari ya tablet ni kuzima. Chaji ikiisha, umekwisha." Wanalisema kwenye mafunzo, wanalisema kwenye chai.

Kuzima kunatokea. Mimi kimenizimikia Mafia. Tulikaa chini dakika arobaini tukisubiri abiria, jua la Februari limelala juu ya kioo, na mimi niko kivulini chini ya bawa nakunywa dafu kama bwana shamba. Narudi, kioo cheusi, katikati kapicha ka kipimajoto. Apple wenyewe wanasema kifaa kitumike kati ya nyuzi sifuri na 35. Ndani ya Caravan iliyofungwa milango Mafia, 35 ni asubuhi mapema. Nilifanya nini? Nikatoa cha pili kwenye begi, kilichokuwa kwenye ubaridi. Tukaruka. American nao, Aprili 2015, programu ya chati iliwagomea kwenye iPad kwa sababu chati moja ya uwanja wa Reagan, Washington, ilijirudia kwenye data. Safari kadhaa zikachelewa. Zikachelewa tu. Kifaa kikizima unajua kimezima. Kinakupa habari ya ukweli kabisa.

Kinachonitisha mimi ni kishikwambi kizima, chenye chaji tele, kinachokujibu haraka, kwa herufi nzuri, swali ambalo hukukusudia kuliuliza.

Melbourne, usiku wa tarehe 20 Machi 2009. Ndege ya Airbus A340-500 ya Emirates inakwenda Dubai na watu 275 ndani. Kompyuta ya EFB, wakati ule laptop, iliingiziwa uzito wa tani 262.9. Uzito waliokusudia kuingiza ulikuwa 362.9. Kidole kimoja, 2 badala ya 3, tani mia zikayeyuka. Ndio uzito wa tembo dume kumi na sita hivi. Kompyuta haikulalamika, kwa kuwa ndege ile kuwa na tani 262 si jambo la ajabu, hutokea. Ikatoa kasi ndogo na nguvu ndogo za injini, hesabu sahihi kabisa kwa ndege nyepesi isiyokuwapo. Wakavuta pua, mkia ukaburuza lami, njia ikaisha, wakapita wakigonga taa na antena mbele ya uwanja. Wakapanda kwa shida, wakarudi, wakatua. Hakufa mtu.

Halifax, Oktoba 2004, haikuwa hivyo. Boeing 747 ya mizigo ya MK Airlines, na wachunguzi wa Kanada waliona kwamba yaelekea programu ya laptop ilitumia uzito wa safari iliyotangulia. Wafanyakazi wote saba walikufa.

Nirudie, maana hapa ndipo watu huchoka kusikiliza: pote pawili kompyuta ilifanya kazi. Hakuna betri iliyokufa. Na usiniambie "walikuwa wazembe, mimi huhakiki". Wa Melbourne walikuwa na taratibu za kuhakiki. Namba ilipita mbele ya macho zaidi ya ya mtu mmoja. Jicho likitegemea kuona kitu sahihi, hukiona sahihi.

Mimi nilikuwa na yangu, ndogo. Uwanja wa nyasi huko mbugani, mizigo imepimwa kwa kilo, kitabu cha Caravan kinahesabu kwa paundi. Dogo wa mizigo akanisomea, "Mia na arobaini, kapteni." Nikaandika 140. Kwenye kisanduku cha paundi. Paundi 140 ni kilo 64 hivi, kwa hiyo kilo 76 zikatoweka, mtu mzima pamoja na viatu vyake, na kioo kikanipa ile rangi ya kijani. Paundi 8,750 ndio mwisho wetu wa uzito wa kuruka na nilionekana niko chini yake kwa raha. Na uwanja uko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, saa saba mchana, hewa nyembamba kama uji wa hospitali.

Kilichoniokoa ni ushamba. Nina tabia ya kujumlisha kwa kalamu ya wino nyuma ya karatasi ya abiria, niliyoipata kwa mwalimu wangu wa kwanza aliyekuwa haamini chochote chenye soketi. Namba mbili hazikulingana. Nikakaa kama dakika nzima nikiilaumu kalamu. Kalamu! Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kukitetea kioo. Tulishusha mabegi manne, yakaja na ndege ya jioni, mtalii mmoja akanuna.

Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ni kununua kishikwambi cha pili, nacheka. Cha pili ni dawa ya joto la Mafia. Kwa namba mbovu, cha pili kitakupa namba mbovu hiyo hiyo, mara mbili, na utaiita uhakiki.

Sasa ile nukta ya buluu, kindege kidogo kinachotembea juu ya ramani. Kanuni inasema ni ya kukusaidia ujue mazingira yako, si ya kuongozea ndege. GPS ya kishikwambi haina cheti kama ile ya dashibodi, na haikuambii ikianza kudanganywa. Kanuni naijua. Lakini ukinikamata kwenye safari ya sita ya siku, ukungu wa jioni umetanda juu ya bahari, jicho linakwenda wapi kwanza? Kwenye nukta. Zamani nilikuwa naitambua pwani yote kwa umbo la mikoko na midomo ya mito. Leo, sina hakika. Mwezi uliopita niliizima kwa makusudi kutoka Kilwa hadi Dar nijipime, na kwa dakika kama tatu sikuwa na uhakika ule ni mdomo upi wa Rufiji. Sikumwambia mtu.

Wale wa mafunzo: chaji asilimia mia asubuhi, data za siku, hali ya ndege, kibanio kilichokaza (kifaa kinachoelea kwenye mtikisiko kinatafuta pa kutua, na pa kupendeza ni kwenye usukani). Betri ikivimba hata kidogo usikirushe, kirudishe ofisini. Miwani yenye polaraizi iache nyumbani. Ukigeuza kishikwambi upande, kioo kinaweza kuwa cheusi na utadhani kimekufa. Andika uzito kwa kalamu kabla ya kuuandika kwenye kioo, kabla, si baada, ili kioo kisikunong'oneze jibu.

Na ukipita Mafia ukakuta kishikwambi kimefunikwa taulo jeupe lenye maji kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa wa malaria, hicho ni changu. Usikifunue.