Agriturismo: maana yake, na kwa nini si hoteli ya shambani

Anayetafuta malazi Italia nje ya miji mikubwa hukutana na neno hili mapema: agriturismo. Programu za simu za kukodi vyumba hulitafsiri "nyumba ya mashambani" au "hoteli ya kijijini", na msafiri analipa akitarajia hoteli yenye mandhari nzuri. Anafika saa 8 mchana, hakuna mapokezi, mwenyeji yuko juu ya trekta, na chakula cha mchana hakipo. Malalamiko mengi ya wageni huanzia hapo, na mzizi wake ni tafsiri ile.

Neno lenyewe limeungwa kutokana na agricoltura, yaani kilimo, na turismo, utalii. Zikiwa nyingi huitwa agriturismi. Kwa Kiswahili tungesema utalii wa shambani, na si kosa, ila tafsiri hiyo inaacha nje jambo kubwa: Italia jina hili linalindwa na sheria. Sheria namba 96 ya tarehe 20 Februari 2006, iliyochukua nafasi ya sheria namba 730 ya mwaka 1985, inasema mwenye ruhusa ya kulitumia ni mkulima au mfugaji anayepokea wageni kwenye shamba lake. Kilimo lazima kibaki kazi kuu, na wageni wawe tawi la kazi hiyo. Kila mkoa unaweka vipimo vyake, na kipimo kinachotazamwa zaidi ni muda wa kazi: shamba linakula saa ngapi za mwaka, na wageni wanakula ngapi. Shamba lisilohudumia zaidi ya wageni 10 huhesabiwa moja kwa moja kuwa limetimiza sharti. Lakini mwenye jumba zuri asiyelima chochote hawezi kuliita jumba lake agriturismo, hata kama amezungukwa pande zote na mizabibu ya majirani.

Sheria hiyo inafika mpaka kitandani na mezani. Vyumba vya wageni huwekwa katika majengo yaliyokuwepo tayari shambani, ndiyo maana watu hulala palipokuwa zizi la ng'ombe au ghala la nyasi kavu. Dirisha dogo na ukuta mnene wa mawe ni urithi wa kazi ya zamani ya jengo. Chakula nacho hutakiwa kitoke kwa sehemu kubwa katika shamba lenyewe na kwa wazalishaji wa eneo hilo. Usipopewa samaki ukiwa milimani Umbria, mkoa usio na bahari, mpishi hajakunyima.

Ili kuelewa kwa nini Waitaliano walitunga sheria ya namna hii, inabidi kurudi kwenye mezzadria. Kwa karne nyingi, hasa katika mikoa ya kati ya Toscana, Umbria na Marche, familia ya wakulima iliishi kwenye shamba la tajiri na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu. Shamba moja pamoja na nyumba yake liliitwa podere. Wanyama walikaa chini, watu ghorofa ya juu, na joto la ng'ombe liliwasaidia waliolala juu yao wakati wa baridi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, vijana walianza kuondoka. Viwanda vya Torino na Milano vilikuwa vinalipa mshahara kila mwezi, na hakuna aliyetaka tena kumpelekea bwana nusu ya ngano. Mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria. Maelfu ya nyumba za mawe zikabaki tupu, mapaa yakaanguka, miiba ikaota kwenye ngazi.

Mwaka uliofuata, 1965, ndani ya shirikisho la wakulima la Confagricoltura kikaanzishwa chama cha Agriturist. Fikra yake ilikuwa kwamba mkulima aliyebaki apate kipato cha pili bila kuliacha jembe, na nyumba zile zipate watu. Mimi naona huu ni miongoni mwa mipango ya utalii iliyofikiriwa vizuri zaidi, kwa sababu haikumgeuza mkulima kuwa mhudumu wa hoteli. Ilimwambia aendelee kulima, kisha ikamruhusu kuongeza viti mezani. Leo agriturismi nchini Italia zimepita 25,000. Toscana inaongoza, na nyuma yake ni Alto Adige, jimbo la milima mpakani na Austria.

Sasa tuje kwenye siku za mgeni. Barabara ya mwisho mara nyingi haina lami. Toscana huiita strada bianca, barabara nyeupe, kwa sababu ya changarawe na vumbi lake la chokaa, na ramani ya simu huweza kukupeleka kwenye njia ya matrekta ukadhani umepotea. Mwenyeji akikuandikia maelekezo yake mwenyewe, yafuate hayo. Ukikaribia mpigie simu, hasa ukichelewa, maana hakuna zamu ya usiku ya kukusubiri: kuna mama ambaye amekamua mbuzi tangu alfajiri na anataka kulala.

Asubuhi huanza mapema kuliko ulivyopanga. Jogoo ni jogoo. Kiangazi nyenze hulia mchana kutwa, na jioni mbu hawakosekani karibu na maji. Mwezi wa Julai na Agosti joto huwa kali, na nyumba nyingi za zamani hazina kiyoyozi. Dawa yao ni kufunga mbao za madirisha mchana na kuyafungua usiku. Wageni wa mjini hufungua madirisha saa 6 mchana ili wapate hewa, kisha wanashangaa chumba kimekuwa tanuri.

Chakula cha jioni ndicho watu hukikumbuka miaka na miaka, pale kinapotolewa. Nasema hivyo kwa sababu si kila agriturismo inapika. Zipo zinazotoa vyumba tu, na zipo zinazopika siku fulani za wiki. Uliza kabla. Pale wanapopika, karibu saa 2 usiku, mara nyingi hakuna orodha ya kuchagua. Unaletewa kilichopo: mkate uliopakwa mafuta ya zeituni, tambi zilizokandwa kwa mkono, maharage, nyama ya shamba, jibini ya maziwa ya kondoo iitwayo pecorino, tunda. Mahali pengine wageni wote huketi meza moja ndefu. Msomaji aliyezoea sinia la pamoja hatahitaji kufundishwa kitu hapo.

Kwa Mwislamu pana jambo la kusema wazi. Nguruwe yuko karibu kila pembe ya jiko la vijijini Italia, hata mahali usipomwona. Piadina, mkate bapa wa Romagna, kwa desturi hukandwa kwa mafuta yake. Supu ya maharage huweza kupikiwa kipande cha ngozi yake. Na nyama iliyochinjwa kwa taratibu za halali ni nadra mbali na miji. Ukimwandikia mwenyeji siku kadhaa kabla kwamba huli nguruwe wala hunywi mvinyo, kwa kawaida atafurahi kukupikia mboga, mayai na tambi, kwani mapishi ya wakulima maskini wa kale yalikuwa ya mboga na mikate mikavu kuliko nyama. Pappa al pomodoro, uji mzito wa nyanya na mkate wa jana, umetoka kwenye umaskini huo na ni mtamu ajabu. Ukisema wakati sahani iko mezani, umechelewa.

Usafiri ni mtihani wa pili. Bila gari utakwama, kwa sababu mabasi ya vijijini ni machache na Jumapili huadimika zaidi. Leseni ya Kenya au Tanzania iende pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi, na kumbuka kule wanapita kulia. Ukiingia mji wa kale na gari, tazama kibao cha ZTL, eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kwa saa fulani. Kamera hupiga picha namba ya gari, na faini hukufuata nyumbani miezi kadhaa baadaye. Pasipoti nayo uwe nayo mkononi siku ya kufika: sheria inamtaka mwenyeji apeleke taarifa za wageni polisi ndani ya saa 24, basi asikuudhi akiiomba. Wilaya nyingi pia hutoza kodi ndogo ya kila usiku, na huenda haimo katika bei uliyolipa mtandaoni.

Majina mengine huchanganya watu. Masseria, cascina na maso ni majina ya aina za majengo au mashamba: masseria ni ya Puglia na kusini, nyingine zilijengwa na kuta nene kujikinga na maharamia wa baharini, cascina ni ya tambarare za kaskazini, maso ni ya milima ya Alto Adige na Trentino. Masseria inaweza kuwa agriturismo, na inaweza kuwa hoteli ya kifahari isiyolima hata nyanya. Casa vacanze ni nyumba ya kupanga tu. Alama ya taifa ya agriturismo ni alizeti, na ubora wa malazi hupimwa kwa alizeti 1 hadi 5 mahali pa nyota za hoteli. Alizeti nyingi zinaonyesha huduma nyingi. Haziwezi kukuambia kama mwenyeji anapenda kuongea.

Kuna pia wanaodhani agriturismo maana yake ni kwenda kufanya kazi shambani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini hapa jembe hupewi. Wewe umelipa, na kazi ya shamba ina wenyewe na ina sheria zake. Kujitolea kufanya kazi kwa malipo ya chakula na kitanda, kama wafanyavyo watu wa WWOOF, mtandao wa kimataifa wa kujitolea mashambani, ni mpango mwingine kabisa. Unachoweza kupata ni kutazama, kuuliza, kuonja, na pengine kuchuma vichala viwili vitatu vya zabibu mwenyeji akiwa na moyo huo.

Kwa hiyo msimu ni jambo la kuchagua kwa makini kuliko bei. Agosti, hasa karibu na sikukuu ya Ferragosto tarehe 15, Waitaliano wenyewe wako likizo, vyumba vimejaa na wenyeji wengi hupangisha kwa wiki nzima. Septemba huanza mavuno ya zabibu. Kule Alto Adige, ambako wakulima wengi huzungumza Kijerumani, ng'ombe waliokaa kiangazi chote kwenye malisho ya juu hurudishwa bondeni msimu wa vuli.

Ningekuwa wa kuchagua, ningekwenda Novemba mwanzoni, Toscana au Umbria, ingawa kuna mvua na giza huingia mapema. Nyavu zinakuwa zimetandazwa chini ya mizeituni, familia nzima iko kwenye matawi, na hakuna mwenye muda wa kumshughulikia mgeni mpaka usiku. Kisha wanarudi kutoka kinuni na mafuta ya siku hiyo, ya kijani, bado mazito. Mkate unachomwa motoni, unasuguliwa kitunguu saumu, unamiminiwa mafuta hayo na chumvi kidogo. Yanawasha koo kama pilipili, na mwenye shamba anakutazama usoni akisubiri ukohoe.