Kutoka mita kwenda futi: hesabu ya kiwanja cha hamsini kwa mia

Hati ya ardhi Uganda hutaja ukubwa kwa hekta, na mpima ardhi huandika mita. Dalali wa Wakiso, yeye, anakuuzia kiwanja cha "hamsini kwa mia", na hapo anasema futi. Fundi naye ataagiza mbao za inchi mbili kwa nne. Mnunuzi anabaki katikati, na kazi ya kugeuza vipimo ni yake.

Kubadilisha kipimo ni kuueleza urefu uleule kwa kizio kingine. Msingi wake ni namba moja: inchi 1 ni sentimita 2.54. Haya si makadirio. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zilikubaliana kwamba yadi 1, yenye inchi 36, iwe mita 0.9144 kamili. Futi ni inchi 12, kwa hiyo ni sentimita 30.48.

Basi sentimita unazigawa kwa 2.54 kupata inchi. Mita unazizidisha kwa 3.281 kupata futi. Kilomita zidisha kwa 0.621 upate maili, japo barabarani Uganda hutazihitaji, maana vibao ni vya kilomita.

Watu wengi hukosea penye nukta. Mlango wa mita 2.1 ni futi 6.89. Anayeona 6.9 akasema "futi 6 na inchi 9" atakata mbao fupi kwa zaidi ya inchi moja na nusu. Hiyo 0.89 ni sehemu ya futi, na futi ina inchi 12, si 10: zidisha 0.89 kwa 12, unapata inchi 10.7.

Kwenye ardhi kosa huwa ghali zaidi. Futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, lakini ni rahisi mno kutamka "15 kwa 30". Ukipima kwa tepu, upande mmoja umepungua inchi 9 na nusu tu, na hakuna atakayegombana kwa hilo. Sasa tafuta eneo. Mita za mraba huzidishwa kwa 10.764, yaani 3.281 mara yenyewe, kwa sababu urefu na upana vyote vimegeuzwa. Mita za mraba 450 zinatoa futi za mraba 4,844 badala ya 5,000. Zilizopotea ni 156: chumba kizima cha futi 12 kwa 13.

Hekta 1 ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo kwenye hati kiwanja kamili husomeka takriban hekta 0.0465, kile cha 15 kwa 30 ni 0.045. Ukitaka ekari, zidisha hekta kwa 2.471. Wengine huuza kwa desimali, sehemu ya mia ya ekari, na hamsini kwa mia huitwa "desimali 12". Hesabu inatoa 11.5.